Jani Halimsahau Mama

Wauza chipsi wa Tandika, Mbagala na Tegeta hukiita kiazi tu, lakini wazee wa Pwani walikuwa na jina refu zaidi: kiazi ulaya. Wengine husema mbatata, neno tulilolipokea kutoka kwa Wareno. Majina hayo mawili yanatueleza zao hili lilipita mikononi mwa nani kabla ya kutufikia, nayo hayasemi uongo. Viazi mviringo viliingizwa katika nyanda zetu za juu na Wazungu wakati wa ukoloni, na mpaka leo magunia yanayoshuka Dar es Salaam hutoka Mbeya, Njombe, Iringa na Lushoto. Hata hivyo, jina la aliyeleta si jina la aliyezaa. Ulaya haikukizaa kiazi. Ilikipokea kutoka Amerika ya Kusini katika karne ya 16, kama sisi tulivyokuja kukipokea kutoka kwake.

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuwafundisha walimu jinsi ya kufundisha historia. Kila mwanachuo aliyepita darasani aliweza kuvitaja vyanzo vya historia kwa vidole: masimulizi ya wazee, maandishi, mabaki ya kale yaliyofukuliwa ardhini, na lugha. Ni orodha nzuri, wala sina nia ya kuifuta. Lakini tangu nistaafu nimekuwa nikisoma habari za chanzo kingine ambacho vitabu vyetu vya kiada havikukitaja, nacho ni jani. Nakuomba, ndugu msomaji, unifuate polepole, kwa sababu habari hii inaanzia kwenye kiazi cha Wazungu na kuishia kwenye muhogo wetu, na mwisho wake unatuhusu sisi tunaokula.

Ndani ya kila jani mna vijumba vidogo sana ambavyo kazi yake ni kunasa mwanga wa jua na kuugeuza kuwa chakula cha mmea. Wataalamu huviita kloroplasti, na ndivyo vinavyolipa jani rangi ya kijani. Kila kloroplasti ina maandishi yake yenyewe ya urithi, mbali na yale makubwa yaliyomo katika kiini cha seli. Maandishi hayo yamepangwa mfano wa duara, na alfabeti yake ina herufi nne tu: A, T, G na C. Urithi wa kiini hutoka kwa wazazi wawili, na kila kizazi huchanganywa upya kama karata. Lakini urithi wa kloroplasti, katika mimea mingi inayotoa maua, kiazi kikiwemo, hutoka kwa mama peke yake. Baba hutoa chavua, chavua hutoa nusu ya kiini, lakini kijani cha mtoto ni cha mama yake.

Wenyeji wa Dar es Salaam hawapaswi kupata shida kuelewa jambo hili. Ardhi ambayo leo tunaiita Temeke na Kinondoni ilikuwa ya Wazaramo kabla ya kuwa ya viwanja na hati, na Wazaramo, kama ndugu zao Wakwere na Waluguru, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtu anaweza kulibeba jina la baba yake, lakini ukimwuliza yeye ni wa tumbo gani atakupeleka kwa bibi mzaa mama. Jani nalo lina desturi hiyo hiyo. Ukitaka kuijua nasaba yake ya kike, soma kloroplasti.

Kusoma huku ni kazi ya kisasa. Maandishi kamili ya kloroplasti yalitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1986 na wanasayansi wa Japani, ambao walisoma ya mmea wa tumbaku na ya mmea mdogo wa jamii ya kuvumwani. Njia yake, kwa maneno ya darasani, ni kama kupewa nakala nyingi za kitabu kimoja zilizochanwa vipande vipande. Unasoma kila kipande, unatafuta mahali ambapo mwisho wa kimoja unafanana na mwanzo wa kingine, unaviunganisha, mpaka kitabu kizima kinarudi. Mwaka 2006 watafiti wa Korea Kusini walichapisha kitabu cha namna hiyo cha kiazi kiitwacho Desiree, aina yenye ganda jekundu iliyozalishwa Uholanzi mwaka 1962. Walihesabu herufi 155,312. Lau zingepigwa chapa kwa ukubwa wa kawaida zingejaza kurasa zipatazo 80.

Kilichowavutia wanahistoria ni kile kisichokuwemo. Kitabu cha kiazi hicho kilipolinganishwa na vya mimea mingine ya ukoo wake, palionekana pengo la herufi 241. Katika kurasa 80 hiyo ni kama mistari minne iliyoruka. Pengo hilo lilikwisha kujulikana kabla ya hapo, na umuhimu wake ni kwamba viazi vya zamani vya milima ya Andes, huko Peru na Bolivia, kwa kawaida hawana mama mwenye pengo hilo. Viazi vya nyanda za chini za kusini mwa Chile wanaye. Viazi vingi vinavyolimwa duniani leo navyo wanaye. Kwa hiyo kiazi tunachokiita cha Ulaya, kwa upande wa mama, ni Mchile.

Pengo hilo likatumika kuamua shauri la siku nyingi. Mwaka 1845 ugonjwa wa bakajani uliviangukia viazi vya Ireland, na katika njaa iliyofuata watu wapatao milioni moja walikufa na wengine kama hao wakahama nchi. Wataalamu fulani walifundisha kwamba viazi vya kwanza vya Ulaya vilikuwa vya Andes, kwamba ugonjwa ule ulivifutilia mbali, na kwamba hapo ndipo vya Chile vilipoletwa kujaza nafasi. Ilikuwa hadithi safi yenye mwanzo, maafa na mwisho. Mwaka 2008 watafiti wawili, Ames na Spooner, walitoa matokeo ya kuchunguza majani makavu ya viazi yaliyokuwa yamehifadhiwa kwa karne nyingi katika makusanyo ya mimea. Walitafuta pengo lile katika majani ya kila kipindi. Wakakuta kwamba katika karne ya 18 viazi vya Andes ndivyo vilivyotawala kweli, lakini kiazi cha Chile kilikwisha kuwapo Ulaya mwaka 1811, zaidi ya miaka 30 kabla ya njaa. Tena kile cha Andes hakikufutwa na ugonjwa, bali kilionekana mpaka mwaka 1892. Yaelekea mabadiliko yale yalikuwa ya polepole. Kiazi cha Andes kimezoea siku fupi za karibu na ikweta na huchelewa kuweka viazi katika kiangazi cha Ulaya chenye siku ndefu, ilhali cha kusini mwa Chile kimezizoea.

Nauleta mfano huu kwa sababu unafundisha jambo ambalo mwalimu yeyote wa historia hana budi kulisema kila mwaka. Hadithi kuwa safi si dalili ya kuwa kweli. Na jani lililokaushwa na mtu asiyejua litakuja kutumika kwa nini, akaandika juu yake mwaka na mahali, lilikuja kuwa shahidi kuliko vitabu vya mabingwa.

Sasa turudi nyumbani. Kiazi mviringo kwetu ni kitoweo cha mjini. Zao lililotubeba katika shida ni muhogo, na muhogo nao ni mgeni. Wareno ndio waliouvusha kutoka Brazil hadi Afrika kuanzia karne ya 16. Tofauti ni kwamba jina lake halina harufu ya ugeni, nasi tumesahau kabisa kwamba ulikuja kwa jahazi. Tunaula wa kukaanga kwa pilipili kule Coco Beach, tunaula wa nazi wakati wa futari, tunatwanga kisamvu chake. Wakati wa ukame wa miaka ya 1974 na 1975, serikali ilipoanzisha kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, muhogo ulikuwa miongoni mwa mazao ambayo kila kaya ilihimizwa kupanda, kwa sababu huvumilia jua na hukaa ardhini ukimngoja mwenyewe.

Lakini kungoja huko kuna hatari yake. Pwani yetu ina ugonjwa unaoitwa michirizi ya kahawia. Mmea unaweza kusimama vizuri, majani yakiwa na manjano kidogo ambayo mtu hayatilii maanani. Mama hupalilia mwaka mzima, na siku ya kuchimba hukuta muhogo una mabaka ya kahawia ndani, makavu na magumu, haupikiki wala hauuziki. Shamba la chuo kimoja nilichofundisha lilipatwa hivyo msimu mmoja, nasi tulikuwa na mshahara wa kununulia unga. Kaya isiyo na mshahara, iliyokuwa ikiutegemea ule muhogo kama akiba, hugundua kwamba akiba haipo siku ile ile inapoihitaji. Ni zao la njaa linaloweza kumdanganya mtu mpaka njaa imefika mlangoni.

Historia ya kupambana na udanganyifu huo ilianzia katika nchi hii. Ugonjwa wa pili mkubwa wa muhogo, batobato, ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1894 na Mjerumani Otto Warburg kutokana na mimea ya hapa kwetu. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Waingereza walikirithi, na mwaka 1928 akafika hapo mtaalamu wa magonjwa ya mimea aitwaye H. H. Storey. Yeye ndiye aliyeueleza ugonjwa wa michirizi ya kahawia mwaka 1936. Yeye na mwenzake R. F. W. Nichols ndio walioeleza mwaka 1938 kwamba batobato huenezwa na inzi weupe.

Wataalamu wa Amani waliona kwamba mihogo ya kawaida haikuwa na nguvu ya kutosha kuyashinda magonjwa hayo, wakamtafuta ndugu yake wa porini. Walimpata karibu. Wakati wa Wajerumani walowezi walikuwa wamepanda mashamba makubwa ya mpira wa Ceara, mti wa Brazil ulio wa jamii moja na muhogo. Bei ya mpira ikaanguka mwaka 1913 kwa ushindani wa mpira wa Asia, mashamba yakaachwa, miti ikabaki. Basi mabaki ya biashara iliyofilisika yakawa dawa. Amani walichavusha muhogo na mpira wa Ceara wakapata chotara, kisha chotara wakamrudisha kwenye muhogo, kizazi baada ya kizazi, ili wapate mmea wenye mizizi ya muhogo na ukaidi wa mpira. Kazi hiyo iliendelea mpaka miaka ya 1950.

Baada ya hapo kituo kikuu cha utafiti wa Afrika Mashariki kikawa Muguga, Kenya, na Amani ikapoa. Baadhi ya mbegu zake zilipelekwa Nigeria, na baadaye zikawa msingi wa kazi ya taasisi ya kimataifa ya kilimo iliyoko Ibadan. Huku kwetu baadhi ya pingili ziliingia vijijini na kuanza safari ya kimya. Mtu alimgawia jirani, binti akaolewa akahama na mzigo wa pingili. Namba za watafiti hazikusafiri nazo, kwani mkulima anahitaji jina la kuitia. Chotara mmoja aliyekuwa akiitwa 46106/27 akapewa jina la Kaleso katika pwani ya Kenya. Huku kusini kwetu ulikuwapo muhogo uitwao Namikonga, unaosifiwa na wakulima kwa kutooza ndani. Hapana mkulima aliyekuwa na sababu ya kujua kwamba Kaleso na Namikonga wanahusiana.

Kilichowakutanisha ni maandishi ya urithi. Vipimo vilionyesha kwamba Kaleso na Namikonga ni mmea mmoja. Na mwaka 2016 ulichapishwa uchunguzi mkubwa wa urithi wa mihogo ya kulimwa na ya porini, ukaonyesha kwamba mihogo inayotokana na kazi ya Amani bado imebeba vipande vya urithi wa mpira wa Ceara. Yaani kazi ambayo wengi walidhani imeishia katika makabati ilikuwa hai wakati wote, mashambani, mikononi mwa watu ambao hakuna aliyewataja katika taarifa yoyote.

Hapa yanipasa kurudi kwenye kloroplasti, ili msomaji asiondoke na imani iliyopita kiasi. Kitabu cha kloroplasti cha muhogo kilikwisha kusomwa na watafiti wa Marekani mwaka 2008. Kina herufi 161,453, kikubwa kidogo kuliko cha kiazi. Lakini kitabu hicho peke yake kisingetosha kuifichua siri ya Namikonga. Ikiwa katika uchavushaji wa kwanza muhogo ndio uliokuwa mama na mpira ndio uliokuwa baba, basi kijani cha watoto wote kitataja muhogo tu, na mpira hautajwi hata kwa herufi moja. Ilibidi kisomwe kiini, ambamo baba naye ameandika. Shahidi wa upande wa mama ni mkweli, lakini amekiona chumba kimoja tu cha nyumba. Ndivyo walivyo mashahidi wote wa historia, na ndiyo sababu tuliwaambia wanafunzi wasitosheke na mmoja.

Jambo la kutia moyo ni kwamba kusoma huku hakufanywi tena ng'ambo peke yake. Mikocheni, ndani ya Kinondoni, kiko kituo cha utafiti wa kilimo ambacho sasa ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Mwaka 2009 Mtanzania Deusdedith Mbanzibwa na wenzake walichapisha maandishi kamili ya kirusi cha michirizi ya kahawia, herufi zipatazo 9,000, na wakaonyesha kwamba virusi vya kanda ya Ziwa Victoria vinatofautiana na vya pwani ya Bahari ya Hindi. Mwaka 2017 watafiti wa Tanzania, Uganda na Kenya, akiwemo Dkt. Joseph Ndunguru wa Mikocheni, walitumia kifaa cha kusomea kinachoenea kiganjani kupima mihogo iliyougua batobato. Wakulima walipata majibu ndani ya saa 48. Tangu Warburg alipoandika mpaka mkulima akaambiwa kwa jina ni kirusi gani kilichomo katika jani lake ilipita miaka 123.

Najiuliza ni nini kingetokea kama mnyororo huu ungekatika mahali pamoja tu. Lau wale akina mama wangeona Namikonga haina faida wakaitupa, hakuna mashine ambayo ingeweza kuisoma leo. Mashine husoma kilichopo. Muhogo na kiazi hupandwa kwa kipande cha mwili wake mwenyewe, na kwa hiyo kila aina ni mwili mmoja unaopitishwa mkono kwa mkono. Ukiacha kupitishwa msimu mmoja, umekufa, na hauna kaburi. Leo mashamba ya pembezoni mwa Dar es Salaam yanageuka viwanja kila mwaka. Pale Mbagala au Bunju palipokuwa na matuta ya muhogo pana ukuta na geti. Sisemi watu wasijenge, kwani nami naishi katika nyumba iliyosimama juu ya shamba la mtu. Nasema kwamba anayeuza eneo anauza na maktaba, na mara nyingi hakuna anayeuliza ndani yake mlikuwa na vitabu gani.

Wafanyabiashara wetu husema mali bila daftari hupotea bila habari. Watafiti wa Amani walikuwa na daftari bila mashamba ya kutosha, na wakulima wetu walikuwa na mashamba bila daftari. Ilichukua zaidi ya nusu karne na mashine za gharama kubwa kuvikutanisha vitu viwili ambavyo vingeweza kukaa pamoja tangu mwanzo, kama tu jina lingeandikwa pembeni ya namba.

Walimu wenzangu ambao bado mko kazini, kazi hii inawezekana shuleni bila fedha. Wanafunzi wa Temeke na Kinondoni wana bibi na mashangazi wanaokumbuka majina ya mihogo iliyolimwa kabla ya mji kufika. Waulizwe: muhogo huu uliitwaje, ulitoka kwa nani, ulipikwaje, ulioza au haukuoza. Yaandikwe na tarehe, na jina la kijiji. Pale ambapo mmea bado upo, ichukuliwe pingili ipandwe katika bustani ya shule na kibao chake. Siku moja atakuja mtu na kifaa cha kiganjani akasome jani. Atapata ukoo wa mama katika kloroplasti na ukoo wa baba katika kiini, lakini jina la bibi aliyeutunza hatalipata humo. Hilo litapatikana katika daftari la mwanafunzi tu.